Mtama mweupe, mwekundu au wa kahawia: upi unajikinga na ukungu, na wewe upande upi

Ukungu wa punje za mtama huanza siku suke linapochanua, wiki kadhaa kabla mkulima hajaona dalili yoyote. Kuvu kama Fusarium thapsinum na Curvularia lunata huingia kwenye ua lenyewe na kujificha ndani ya makapi. Mvua ikiendelea wakati punje zinajaa, unakuja kuvuna suke lenye waridi na weusi: waridi ni Fusarium, weusi ni Curvularia na wenzake. Kupiga dawa wakati huo ni kutupa hela, maana uharibifu ulishafanyika ndani. Kinachobaki ni kinga ambayo mmea umejitengenezea wenyewe, na kinga hiyo haifanani katika mbegu zote.

Sokoni mtama hugawanywa kwa rangi mbili tu, mweupe na mwekundu. Ukiangalia kwa jicho la ukungu unapata makundi matatu: mweupe usio na tanini (kemikali ya mmea inayoleta ukakasi mdomoni), mwekundu usio na tanini, na wenye tanini, ambao mara nyingi ni wa kahawia. Hayo mawili ya mwisho huchanganywa kila msimu, na mkanganyo huo una gharama: mtu anapanda mtama mwekundu akidhani amenunua kinga kamili, kumbe alichonunua ni rangi ya ngozi.

Chukua punje kavu, ikwangue kidogo kwa wembe ubavuni, mbali na kiini. Ngozi ya nje ikitoka na chini yake ukakuta nyeupe ya wanga moja kwa moja, hakuna tanini, hata kama ngozi ilikuwa nyekundu kama damu. Ukikuta utando mwembamba wa kahawia iliyokolea kati ya ngozi na wanga, tanini imekaa humo. Upo hata mtama ambao kwa nje ni mweupe mchafu lakini una utando huo ndani.

| | Mweupe, bila tanini | Mwekundu, bila tanini | Wenye tanini |
|---|---|---|---|
| Kinga kuu ya punje | Protini zinazoua kuvu, ugumu wa wanga | Hizo hizo, pamoja na flavan-4-oli za ngozi | Tanini ya utando wa ndani, na mara nyingi ngozi ya rangi |
| Mvua wakati wa kujaa punje | Dhaifu | Wastani | Imara |
| Ndege | Wanaupenda | Wanaupenda | Wanauacha hadi wakose kingine |
| Kiwanda cha bia | Unatakiwa | Uliza kwanza | Hautakiwi |
| Ugali bila maandalizi | Sawa | Sawa, unga wenye rangi | Una ukakasi |
| Mfano | Macia, Tegemeo, Pato, Epuripur, Gadam | Mtama mwingi mwekundu wa Marekani | Serena, Seredo |

Tanini: inachompa mkulima na inachomnyang'anya

Tanini hufanya kazi kwa kunasa protini. Kuvu inapotaka kula punje hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za seli na wanga. Vimeng'enya ni protini, kwa hiyo tanini huvishika vikashindwa kazi. Tafuna punje ya Serena uone: mate yako nayo yana protini, na zinaponaswa ulimi unakauka na kukaza. Huo ndio ukakasi. Kwelea kwelea nao huukwepa punje zikiwa bado na maziwa, ndiyo maana huanzia shamba jeupe la jirani. Ndani ya pipa la bia, vimeng'enya vya kimea vinavyogeuza wanga kuwa sukari hunaswa vile vile. Kifaranga anayelishwa mtama wa tanini nyingi hudumaa, kwa kuwa protini ya chakula imeshikwa kabla hajainyonya. Kitendo cha kemia ni kimoja, na huwezi kuchukua faida yake kwa kuvu ukaacha hasara yake kwa mnunuzi.

Kwa nguvu dhidi ya ukungu, tanini haina mpinzani. Mwaka 1993 J. P. Esele, mtafiti wa mtama wa Uganda, pamoja na wenzake wa Texas, walichapisha kazi iliyotenganisha tabia za punje moja moja. Utando wenye rangi ndio uliokinga kuliko tabia nyingine yoyote. Ngozi nyekundu ilifuata, na vilipokuwa pamoja vilisaidiana.

Kinasaba, utando huo hutokea pale tu jeni mbili, B1 na B2, zinapokuwapo zote kwa hali ya kutawala. Ikikosekana mojawapo, hakuna tanini. Jeni ya tatu, S, ikiwapo juu ya hizo mbili, tanini husambaa hadi kwenye ngozi ya nje. Huo ndio mtama unaokwaruza koo kweli kweli. Usio na S una tanini, lakini imefungwa zaidi ndani ya utando na ukakasi wake ni mdogo. Kwa hiyo "mtama wa tanini" si kitu kimoja, na ukipewa nafasi ya kuchagua kwa ajili ya chakula cha nyumbani, onja kabla ya kununua mbegu.

Imara, hata hivyo, haina maana ya kutoharibika. Suke la kahawia likiachwa shambani wiki tatu za mvua baada ya kukomaa nalo litashika ukungu. Litachelewa tu.

Kupima bila kubahatisha

Rangi inadanganya na wembe unahitaji mazoea. Wanunuzi wa nafaka hutumia kipimo cha dawa ya kufulia, na kikundi cha wakulima kinaweza kukifanya. Vaa glavu za mpira na miwani, fanyia kazi nje, tumia chombo cha kioo au plastiki. Usitumie sufuria ya alumini.

Pima mililita 100 za dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe yenye haipokloraiti ya sodiamu asilimia 3.5 hivi (soma lebo). Tia ndani yake gramu 5 za kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, kidogo kidogo huku ukikoroga, kwa sababu hupasha moto. Weka gramu 15 za punje nzima zilizosafishwa kwenye chombo kingine na umimine mchanganyiko mpaka uzifunike. Subiri dakika 20, ukitikisa kila baada ya dakika 5. Mwaga kupitia chujio, suuza kwa maji mengi, tandaza juu ya karatasi laini. Punje zenye tanini zinakuwa nyeusi mwili mzima, isipokuwa sehemu ya kiini inayobaki na rangi hafifu. Zisizo na tanini zinakuwa nyeupe au njano, pengine na mabaka ya kahawia.

Kosa la kawaida ni kupima sampuli peke yake. Punje iliyokwisha liwa na ukungu ina madoa yake, na jicho lisilo na cha kulinganisha huyaita tanini. Pima siku hiyo hiyo punje za Serena na za Macia pembeni, ndipo usome matokeo. Kosa la pili ni la hatari: usichanganye kamwe dawa hiyo na siki, maji ya betri au dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini. Punje zilizopimwa zitupwe, si za kuku.

Kipimo hiki kinasema tanini ipo au haipo. Hakisemi ni nyingi kiasi gani, wala hakitofautishi mtama wenye S na usio nayo.

Mwekundu usio na tanini, kinga ya katikati

Ngozi nyekundu hubeba viambata vya fenoli, familia ile ile ya tanini, vikiwamo flavan-4-oli, ambavyo vimehusishwa na ustahimilivu wa ukungu. Havikamati protini kama tanini, kwa hiyo kuku anakula na ugali unapikika. Tatizo ni mnunuzi: wengi hawana muda wa kupima, wakiona wekundu wanahesabu ni tanini na kushusha bei. Ukilima kwa ajili ya nyumbani na mifugo, kundi hili linaonewa bila sababu. Ukilima kwa mkataba, usilete wekundu mezani kabla ya kuuliza.

Mweupe: kinga ipo, ila inachujika

Mtama mweupe una protini zake za kupambana na kuvu, kama kitinase inayokata kitini ya ukuta wa kuvu, na sormatini inayotoboa utando wa seli ya kuvu. Udhaifu wake ni kwamba protini hizi huyeyuka kwenye maji. Punje ikiloa, ikakauka, ikaloa tena, sehemu yake huvuja nje. Punje ngumu hupunguza uvujaji huo na pia humpa kuvu kazi ya kupenya. Kata punje kumi katikati: sehemu inayong'aa kama kioo ikiwa pana kuliko ile ya chaki, hiyo ndiyo mbegu ya kupendelea. Nalo suke lililoachana hukauka haraka baada ya mvua kuliko suke lililoshikana.

Hapa kalenda inafanya kazi ambayo kemia imeshindwa. Hesabu kurudi nyuma, kuanzia siku ambayo mvua huisha kwako. Gadam hukomaa kwa takriban miezi mitatu, Macia karibu miezi minne. Ukambani, Gadam iliyopandwa mvua za Oktoba zinapoanza hujaza punje mvua ikielekea kwisha na kuvunwa kwenye ukavu. Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja hadi Aprili hivi, mbegu fupi ikipandwa Desemba mwanzoni huchanua na kukomaa mvua ikiwa bado inanyesha, na hapo ndipo watu husema mbegu ni mbovu. Mbegu ilikuwa nzuri. Tarehe ndiyo iliyokosewa. Macia kwa tarehe hiyo hiyo ingefaa zaidi.

Usisubiri suke likauke shambani. Bandua punje ya chini ya suke na utazame kitako chake: likitokea doa jeusi, imekomaa na haiongezeki tena uzito, ingawa bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi. Kata masuke, anika juu ya turubai au kichanja, usiyalundike. Kabla ya kuhifadhi unyevu uwe asilimia 13 au chini. Kama hakuna kipima unyevu, weka chumvi kavu kabisa na punje kwenye chupa kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje bado zina zaidi ya asilimia 15.

Jani lina hesabu nyingine

Rangi ya punje haikuambii lolote kuhusu ugonjwa wa chule majani yanapoanza kuungua. Kuvu ya chule ya mtama, Colletotrichum sublineola, inakutana na silaha ambayo haikuwapo kabla. Mwaka 1990 Snyder na Nicholson wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha kwenye jarida la Science jinsi inavyokuwa. Seli iliyoguswa na kuvu hutengeneza vifuko vidogo, mwanzoni havina rangi. Vifuko husogea ndani ya seli kuelekea mahali kuvu inapopenya, huungana, hukolea wekundu, kisha hupasuka na kumwaga sumu pale pale. Seli hufa, na kuvu nayo ikiwahiwa hufa. Rangi hiyo ni ya luteolinidini na apijeninidini. Mmea sugu na mmea dhaifu wote huzitoa. Tofauti ni kasi na aina: sugu huwahi, na hutoa luteolinidini zaidi, iliyo kali kwa kuvu kuliko apijeninidini.

(Nchini Benin apijeninidini ya mtama fulani wenye maganda mekundu ya shina hutumiwa kupaka jibini rangi. Sumu ya kuvu, pambo la sahani.)

Uwezo wa kutoa rangi hizi unategemea jeni P. Kwangua jani kwa kucha na urudi baada ya siku mbili tatu. Kovu likiwa la zambarau au jekundu, mmea ni wa zambarau. Likiwa la rangi ya nyasi kavu, mmea hauna njia hiyo. Mtu angesema basi chagua zambarau. Si rahisi hivyo. Mimea ya rangi ya nyasi kavu hutoa luteolini na apijenini, ambazo nazo huzuia mbegu za kuvu kuota, na baadhi yake hustahimili magonjwa ya majani vizuri sana. Halafu mmea wa zambarau una kero yake sokoni: mvua ikinyesha kwenye suke, rangi ya makapi huchuruzika na kutia madoa punje nyeupe. Unga unakuwa wa kijivu ingawa punje ni nzima. Kwa mweupe wa kuuza unga, mmea wa rangi ya nyasi kavu ni bora. Kwa chule, usiamini rangi ya kovu. Uliza matokeo ya mbegu hiyo kwenye eneo lenye chule.

Kinga moja ya jani inadai tahadhari kwa binadamu na mifugo. Mtama mchanga una dhurini, ambayo seli ikivunjika hutoa sianidi. Kuvu nyingi huzuiwa nayo, lakini Gloeocercospora sorghi, inayoleta mabaka ya duara ndani ya duara, ina kimeng'enya kinachogeuza sianidi kuwa formamidi isiyoidhuru, na huendelea kula jani. Ng'ombe hana kimeng'enya hicho. Usimpeleke kwenye mtama ulio chini ya nusu mita, wala kwenye machipukizi yanayoibuka baada ya ukame au baada ya kuvuna.

Ukishavuna wa kahawia

Watu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wamekula mtama wenye tanini vizazi vingi bila kulalamika, kwa sababu wanajua kuuandaa. Punje huchanganywa na uji wa majivu ya kuni, hulowekwa usiku kucha, hufunikwa zichipue kwa siku tatu au nne, huanikwa, husuguliwa na kupepetwa, ndipo husagwa. Alkali ya majivu hupunguza nguvu ya tanini. Ukifuata njia hii usiruke kusugua na kupepeta: vichipukizi na vimizizi ndivyo vyenye dhurini nyingi. Kusini mwa Afrika watengenezaji wa bia ya mtama waliloweka punje za tanini kwenye formalini hafifu ili kimea kifanye kazi. Hilo ni jambo la kiwandani, si la jikoni.

Basi upande upi

Kama suke lako hujaa mvua ikinyesha na huwezi kubadilisha tarehe, kama ilivyo kwenye nyanda za juu zenye baridi na mvua ndefu, panda wenye tanini. Mweupe huko ni kamari. Kama kwelea kwelea ndio adui mkubwa na hakuna watoto wala vibarua wa kuamia, jibu ni lile lile, mradi jirani zako wasiwe nao wamepanda tanini watupu. Ndege wakikosa chaguo watakula.

Kama una mkataba wa kiwanda cha bia, panda mweupe uliotajwa kwenye mkataba na ushindane na ukungu kwa tarehe na uvunaji. Epuripur ya Uganda na Gadam ya Kenya zilipata soko kwa njia hiyo. Kwa chakula cha nyumbani ukanda mkavu, mweupe mgumu wenye suke lililoachana unatosha. Ukiwa na kuku, tanini iwe mbali na chakula cha vifaranga.

Hakuna kundi kati ya haya matatu linalozuia fugwe lililofunikwa, linalogeuza punje kuwa vifuko vya vumbi jeusi. Vijidudu vyake hukaa juu ya mbegu, huingia kwenye chipukizi udongoni na kukua pamoja na mmea. Suluhisho ni mbegu safi au iliyopakwa dawa ya kuvu iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, kwa kipimo cha lebo. Wala tanini haizuii kuvu ya Claviceps africana, inayovamia ua ambalo halijachavushwa na kuacha utomvu unaonata kwenye suke. Hapo kinachookoa ni uchavushaji wa haraka, kwa hiyo epuka kuchanua kwenye wiki za baridi kali.

Anayehifadhi mbegu yake ajue jambo moja kuhusu tanini. Mtama hujichavusha kwa sehemu kubwa, lakini si wote. Chavua ya shamba la kahawia ikifika kwenye suke jeupe, punje za mwaka huu zitabaki nyeupe na zitapita kipimo, kwa kuwa ngozi na utando ni mwili wa mama. Msimu ujao mimea iliyochanganyika itazaa masuke ya kahawia, na gunia lako litakataliwa. Inawezekana hata kwa weupe wawili: mmoja mwenye B1 bila B2, mwingine mwenye B2 bila B1, mtoto wao ana zote mbili. Tenga shamba la mbegu angalau mita 200 kutoka mtama mwingine, au lipishane nao wiki kadhaa katika kuchanua. Chagua masuke ya mbegu katikati ya shamba, pukuchua kila suke peke yake, na ukwangue punje chache za kila moja kabla ya kuyachanganya.